Tangi la Milisav

Tangi la gari letu lilikuwa limebaki lehemu tupu. Bati lenyewe lilishakwisha zamani. Nikiziba tundu moja, joto la chuma linafungua jingine pembeni yake, nami nahamia huko na chuma changu nikitukana. Mimi ni fundi bati. Kazi hii nimeifanya tangu sijaota ndevu, na sijaona kitu kinachovunja moyo kama kulehemu kutu. Unamwaga petroli yote, unasuuza kwa maji ya moto na magadi, unajaza maji mpaka karibu na tundu ili mvuke uliobaki usikurushe juu ya paa, unasugua, unalehemu, unajipongeza. Kesho asubuhi unakuta doa chini ya gari.

Gari ni Zastava 1300, rangi ya maziwa, taa nne mbele. Kaka yangu Dobrivoje alilinunua likiwa jipya, alipoajiriwa kuendesha mabasi ya safari ndefu, wakati huo mimi ni mtoto wa shule. Kila kiangazi alitupakia wote, baba, mama, dada Vida na mimi, tukatoka mjini kwetu Čačak alfajiri kwenda baharini, kupitia yale makorongo ya mto Ibar yanayogeuza tumbo. Nilikuwa nalala kiti cha nyuma. Nikizinduka nauliza tumefika wapi, naye ananijibu bila kugeuza shingo, na ninalala tena.

Siku hizi anayeuliza ni yeye. Akili yake ilianza kumtoka kidogo kidogo, na sasa haimtoki tena kidogo. Mke wake alishafariki, watoto hawakujaliwa, kwa hiyo yuko kwangu, mimi ambaye sikuoa kwa sababu ambazo hazimhusu mtu. Kila siku baada ya chakula cha mchana lazima nimzungushe kwa gari lake: sokoni, darajani, kituo cha mabasi, nyumbani. Njia nzima anauliza, "Tumefika?" Namjibu bado. Tukipita taa za barabarani, "Tumefika?" Bado, kaka. Kwenye duka la mikate, "Tumefika?" Siku nyingine namjibu kwa adabu na siku nyingine nang'ata meno. Lakini akizungushwa, usiku analala. Asipozungushwa halali, na asipolala anatoka. Nimeshamfuata relini akiwa na kandambili, kwenye umande. Ndiyo maana nikawa nalala kwenye kiti nilichokiegemeza mlangoni, kama huko ni kulala.

Sasa fikiria gari hilo ndilo linalovuja. Nilikuwa naziba kwa sabuni ya kufulia, kipande kigumu nakisugua kwenye tundu mpaka kinaganda, maana petroli haiyeyushi sabuni. Inashika siku moja, mbili, halafu tone linarudi. Na ilikuwa vuli, mtaa mzima umetoa majiko ya kuni nje kuchoma pilipili hoho za kuweka kwenye chupa. Kila ua una moto. Jirani yangu Stamena akituona tunatoka, anainuka na koleo mkononi.

"Radiša! Peleka hilo bomu lako mbali na pilipili zangu!"

"Linapita tu, mama."

"Litapita na nyumba yangu! Na huyo mzee wako anavyopenda kiberiti!"

Hapo alikuwa na haki. Kaka alikuwa mvutaji zamani, na mkono wake ulikuwa bado unakumbuka. Siku moja niligeuka kuchukua koti, nikamkuta nyuma ya gari, sigara ya kuokota mdomoni, kiberiti cha Stamena mkononi, na chini ya miguu yake kidimbwi cha petroli kinang'aa. Nilimnyang'anya nikampigia kelele barabarani, mtu aliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Alinitazama akaniomba radhi akaniita "bwana". Nilikwenda gereji nikalia.

Stamena alimpigia simu dada Vida kabla sijafuta machozi. Vida anakaa Belgrade na moyo wake si mbaya. Ana hofu tu, na hofu yake huja ikiwa imeshapangwa.

"Nimepata nafasi kwenye makao ya wazee," akasema. "Jumatatu wanampokea. Na gari liende kwa wanunuzi wa vyuma."

"Atakufa huko, Vida."

"Na hapa atakufa na mtaa mzima. Wewe mwenyewe umejitazama kwenye kioo? Unaongea kama mlevi."

"Nikipata tangi zima?"

"Tangi, tangi! Mwaka mzima unaniimbia tangi. Jumatatu, Radiša."

Tangi la 1300 si kitu cha kwenda dukani. Vipuri vya yale magari madogo ya Zastava vimejaa kila mnada, lakini haya makubwa yaliyobaki yamebaki na wenyewe, na wenyewe ni wazee vichwa vigumu. Sisi tunaotafuta vyuma vya zamani tuna njia yetu, na si ya kujivunia: tunasoma matangazo ya misiba. Yanabandikwa kwenye nguzo na milango, yana fremu nyeusi na picha ya marehemu, nasi tunayasoma kama wengine wanavyosoma matokeo ya mpira. Huyu alikuwa na Zastava, huyu alikuwa na Opel. Unangoja siku arobaini zipite, unachukua kahawa na chupa ya rakija, ile pombe yetu kali ya matunda, unakwenda kutoa pole, na ukishaketi unauliza kwa sauti ya huzuni kama lile gari bado liko bandani. Wajane wengi wanakushukuru ukiwaondolea. Nilizunguka nguzo zote za Čačak vuli ile. Walikufa watu wema wengi, hakuna hata mmoja mwenye 1300.

Jumamosi kabla ya Jumatatu hiyo ilikuwa Jumamosi ya Wafu, siku ambayo kila mtu anakwenda makaburini. Nilisugua sabuni tunduni, nikatia petroli ya kutufikisha tu, nikampakia kaka tukapanda milimani, kijijini kwa mama. Tuliwasha mishumaa kwa baba na mama, tukala ngano ya kuchemsha, tukamwagia kaburi mvinyo. Kaka aliuliza kama tumefika. Nikamwambia hapa ndiyo tumefika, akatazama msalaba, akasema hapana.

Nikiwa namrudisha kwenye gari ndipo nilipoliona lile jiwe. Itale nyeusi, mpya, inang'aa. Juu yake wamechongwa mume na mke, na mume ameweka mkono juu ya boneti ya gari. Siku hizi watu wanachongwa na walichokipenda, mwingine na kinanda, mwingine na nguruwe. Huyu alichongwa na Zastava 1300. Taa nne, nembo, hata namba ya gari. MILISAV na MILUNKA GAVRIĆ. Chini, penye miaka, palikuwa pamefunikwa na rundo la maua mabichi ya krisanthemu.

Gari lisilo na mwenyewe, nikajiambia. Sikumwuliza mtu habari za marehemu, kwa kuwa nilijua nikiuliza nitaonekana nilivyo. Nilikuwa na kahawa na chupa niliyomwekea shangazi yetu wa hapo kijijini, shangazi angesubiri. Mtu mmoja kwenye trekta alinionyesha nyumba ya Gavrić, ya mwisho huko juu, yenye miti ya plamu, na nilipofunga breki mbele yake nikasikia harufu ya petroli. Sabuni imeachia.

Nilimwacha kaka garini, nikagonga. Mlango ulifunguliwa na mzee mrefu mwenye fulana ya sufi na miwani minene mno. Ndugu wa marehemu, nikajiambia. Nikainamisha kichwa inavyopasa.

"Poleni sana. Mungu ampumzishe Milisav."

Mzee aliisogeza miwani. "Ulimjua?"

"Tulijuana. Mambo ya magari."

"Alikuwaje?"

"Mtu wa watu," nikasema, maana nilikuwa tayari naona tangi. "Mkarimu. Akiwa na kitu, hakunyimi."

"Hapo wamekudanganya," akasema mzee. "Milisav ni bahili, kijiji kizima kitakwambia. Hata salamu anaipima. Ni mimi."

Natamani ningewaambia nilicheka. Nilisimama na chupa mkono huu na kahawa mkono ule, masikio yanawaka.

"Nimeona kaburi," nikasema. "Lina picha yako."

"La mke wangu lile. Mchongaji alikuwa amekuja na vyombo vyake, nikamwambia anichonge na mimi kabisa, apunguze usumbufu. Mwaka wangu wa kufa ameacha wazi. Hukuona?"

"Palikuwa na maua."

"Nimeyaweka mimi leo asubuhi."

"Juu ya jina lako mwenyewe?"

"Kwani nani mwingine ataniletea?" Akaunyoosha mkono akaipokea chupa, akainusa kifuniko. "Ya plamu. Kwa msiba wangu mimi mwenyewe umeleta kitu kizuri. Na hiyo harufu ya petroli ni ya nini?"

Aligeuza uso kuelekea gari. Macho hayakumsaidia, aliniambia, anaona ukungu na vivuli. Lakini pua ilikuwa nzima. Akashuka ngazi kwa kupapasa, akaenda mpaka buti, akachutama.

"Gari lako linakojoa, bwana fundi."

"Ndilo jambo lililonileta."

"Aa. Kumbe hukuja kuomboleza. Umekuja kunichuna ngozi ningali na joto."

Alileta ndoo, tukaiweka chini ya tangi, tukasukuma gari hadi kwenye kivuli cha mti mmoja wa plamu. Ndipo nilipoona kiti cha mbele ni kitupu. Nilikimbia mpaka njiani, nikarudi, nikaita. Kaka alikuwa bandani. Alikuwa amefungua milango miwili ya mbao na kusimama mbele ya Zastava ya Milisav, ya buluu iliyofifia, haina hata mkwaruzo, akiipapasa boneti vilevile kama yule wa kwenye jiwe.

"Yule nani?" akauliza Milisav.

"Kaka yangu, Dobrivoje. Alikuwa dereva wa basi."

"Alikuwa?"

"Akili imemtoka. Alikuwa dereva mzuri sana, alikuwa anaijua barabara ya Ibar hata ukimfunga macho. Alikuwa mtu wa mizaha."

"Alikuwa, alikuwa," akasema Milisav. "Na huyo naye umempelekea kahawa na chupa?"

Aliuliza bila ubaya, lakini lilinichoma. Nikalipita. Tulimwacha kaka akipapasa gari, tukaingia ukumbini, nikamweleza shida yangu yote juu ya vikombe vya rakija: sabuni, pilipili za Stamena, Jumatatu ya Vida. Nikamwomba tangi. Nikamwambia nitamwekea langu, nitalilehemu vizuri, kwa kuwa yeye haendeshi hakutakuwa na madhara.

"Siendeshi, lakini naliwasha. Kila Jumapili. Nakaa ndani, nawasha, nasikiliza. Tangi nalijaza mpaka mdomoni kutu isipate pa kukaa. Milunka alikuwa anatoka na kahawa, anakaa upande wake." Akatikisa kichwa. "Hapana. Nikikupa tangi, gari linabaki banda la kuku. Ngoja nife. Umeshaona jiwe liko tayari."

"Unatania nini, mzee?" Sauti yangu ilipanda na sikuizuia. "Mimi nina mpaka Jumatatu! Sijalala kitandani tangu wakati wa mavuno ya ngano. Nampikia, namwogesha, namfunga vifungo, ananiita bwana. Nampenda na nimemchoka, unasikia? Vyote viwili. Jana nimesimama kando ya kitanda chake nikasema afadhali wamchukue, nikapate usingizi. Ndugu yangu wa tumbo moja. Kwa sababu ya bati la kilo tatu!"

Nililaza kichwa mezani. Nilikuwa nalia na sikuona hata haya, nilikuwa nimechoka mno kuona haya. Milisav hakusema pole. Nilimsikia akivuta droo, akipapasa vijiko na kamba, halafu akatoka nje na fimbo yake.

Nilipomfuata alikuwa mbele ya banda, ameushika mkono wa kaka kama anayemsalimia.

"Bwana Dobrivoje. Nina gari, sina macho. Wewe unaendesha?"

Kaka alitazama kilichowekwa kiganjani mwake. Ufunguo.

"Naendesha," akasema.

"Subiri kwanza!" nikasema. "Mzee, hajashika usukani kwa miaka. Hajui hata mimi nani!"

"Nimemwuliza wewe nani? Nimemwuliza anaendesha." Milisav alinyoosha fimbo kuelekea nyuma ya nyumba. "Lile shamba la majani limeshafyekwa, ni tambarare, hamna kitu huko isipokuwa mti mmoja wa peasi, nao hauzai. Gia ya kwanza. Wewe kaa nyuma, ukiogopa ruka."

Nilipanda nyuma kwa sababu nilitaka kuwa karibu na breki ya mkono. Milisav alikaa mbele, upande wa Milunka. Kaka aliketi, akasogeza kiti, akarekebisha kioo cha kutazamia nyuma. Mambo haya sikumwelekeza. Akakanyaga klachi, akawasha, akasikiliza injini akiwa ameinamisha kichwa, kama alivyokuwa akifanya kila alfajiri ya safari. Gari lilitoka bandani bila kuruka hata mara moja.

Tulizunguka shamba. Mzunguko wa kwanza mkono wangu ulikuwa juu ya breki. Wa pili pia. Alikuwa anakata kona mbali na ule mti wa peasi, polepole, mikono miwili juu ya usukani, na hakuwa akiuliza kama tumefika. Mimi ndiye niliyegundua kuwa hajauliza. Milisav alikuwa amefumba macho yake mabovu, ameegemea dirisha.

"Mnakaa wapi huko Čačak?" akaniuliza baadaye. "Ghorofani?"

"Chini. Karibu na barabara."

"Hapa vyumba viwili havina mtu. Lango linafungwa kwa mnyororo. Na petroli ninayo. Pilipili hoho pia ninazo, hazijachomwa, sioni zilizoiva. Bahili hatoi bure, utazichoma wewe. Na tangi lako utalitengeneza polepole, nani anakukimbiza?"

Niliutoa mkono kwenye breki, na hilo likawa jibu langu. Jumatatu ningempigia Vida kabla hajapanda basi la kuja kumchukua kaka, nimwambie ile nafasi wampe mzee mwingine. Angepiga kelele. Niliona jinsi nitakavyoishikilia simu mbali na sikio, nikaona uchovu wa mazungumzo hayo, na kwa mara ya kwanza uchovu huo haukunitisha. Kiti kilikuwa na harufu ya ngozi na vumbi na petroli kidogo, ile inayotakiwa. Jua la vuli lilikuwa linaingia upande huu, tukigeuka linaingia upande ule. Kando, chini ya mti wa plamu, gari letu lilikuwa linadondosha kwenye ndoo.

Sijui nililala saa ngapi. Najua nililala kama sijawahi kulala maishani, kichwa kimegonga kioo, mdomo wazi. Niliposhtuka kivuli cha mti wa peasi kilikuwa kimerefuka mpaka katikati ya shamba na sisi bado tunazunguka, gia ya kwanza, Milisav anakoroma mbele. Kwa hofu niliruka nikashika kiti.

"Tumefika wapi?" nikasema.

Kaka hakugeuza shingo. Alinitazama kwenye kioo, akanitazama vizuri.

"Lala, Radiša," akasema. "Bado hatujafika."